Kituo Katikati ya Kionjo

Tangu mumewe azikwe, Atupele hakuwa amelia. Kila jioni alikaa kwenye piano ya marehemu, akawasha kanda yake ya mwisho na kujifunza kionjo kimoja, kipande kifupi cha muziki wa bluzi, sauti moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Leo alikuja shemeji yake Ambakisye, aliyeirekodi kanda hiyo. Atupele akampigia kionjo hicho. Vidole vilipanda, vikateleza kwenye vitufe vyeusi, vikasimama kidogo, kisha vikashuka.

"Umekipata, shemeji," alisema Ambakisye. "Ila pale katikati usisimame. Hakuna kituo."

"Kwenye kanda anasimama."

Ambakisye akainamisha kichwa. "Pale alikohoa. Kikohozi nilikifuta mimi."

Maneno yalimpitia Atupele kama habari za hali ya hewa redioni.

"Basi kinakwendaje?"

Shemeji akakiimba kwa mdomo, bila kusita. Kilikuwa kizuri zaidi. Atupele akaitikia kwa kichwa, akaanza upya. Vidole vilipanda, vikateleza, vikafika palepale.

Vikasimama.

Ambakisye hakumsahihisha. Mikono ya Atupele ilibaki juu ya vitufe, na wote wawili wakatega sikio.