Mlango wa Zipu

Kifuniko cha sufuria kilianguka gizani, kikazunguka sakafuni, kikatulia. Mama na binti yake wakabana pumzi. Nje hakuna aliyeuliza kitu.

"Samahani, mama," mtoto alinong'ona.

"Hamna neno, mwanangu. Vaa sweta, twende."

Alimfikisha kwenye lango la shule ukungu ukiwa bado umetanda. Hapo akamwambia ukweli, maana mtoto aliyezoea kuhamahama hadanganyiki.

"Leo mwombee mama. Kazi ikienda vibaya, sijui tutalala wapi."

Kisha akarudi kwenye yadi ya boti, alikofanya kazi ya kuzivisha boti nailoni kabla ya miezi ya baridi. Hapo mwanamke alikuwa yeye tu. Wenzake walikula pamoja wakitaniana. Yeye alikula amesimama.

Boti ya leo ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu. Tangu afiwe na mkewe hakuipanda tena, ila kuiuza alishindwa. Alikuja mara moja kwa mwaka, kuiaga.

Mama alisimamisha nguzo katikati ya boti, akatandaza nailoni nyeupe juu, akaikaza kwa mkanda kuzunguka ubavu, kisha akawasha moto wa gesi. Nailoni ikaanza kunywea. Aliupitisha moto polepole kama anayepiga pasi sare ya shule, na mikunjo ikatoweka mmoja mmoja.

Mwishoni akatoa mlango wa zipu. Huo hubandikwa juu ya nailoni, kisha nailoni iliyo nyuma yake hukatwa.

"Mlango wa nini, dada?" msimamizi akacheka. "Boti itatoka kwenda sokoni?"

"Wa kukagulia unyevu, bosi. Mbao zitaota ukungu."

"Matundu ya hewa si yapo?"

Mama akamgeukia mwenye boti, aliyekuwa amesimama kando. "Mzee wangu, nitaikagua mwenyewe kila jioni. Bure kabisa."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwaka jana paka alizalia humo, mwanangu. Kuifunga kukakwama, maana mama na watoto wake nitawafukuzaje? Moyo huo sina. Mwaka huu ziba kabisa. Ndani pakoje?"

"Pasafi, mzee. Nafagia mw... nimefagia mwenyewe."

Msimamizi akauchukua ule mlango mikononi mwa mama, akaurudisha kwenye kasha. Mama akabandika utepe wa mwisho.

Jioni mzee aliizunguka boti akiipapasa nailoni. Hata sindano isingepenya.

"Umeifunga kama zawadi," alisema. "Mke wangu angekupenda wewe."

"Asante, mzee."

Hapo akamwona binti yake kwenye lango la yadi, begi mgongoni. Akampungia mkono kumzuia asisogee. Mtoto akadhani anaitwa, akaja mbio.

Alimwamkia mzee, akamwamkia msimamizi. Akaenda nyuma ya boti, akarudi kwa upande wa pili, kiganja chake kikiteleza juu ya nailoni. Akasimama katikati ya watu wazima watatu, akauliza kwa sauti:

"Mama, leo tutaingilia wapi kulala?"