Jina la Injini

Injini ya tatu ya roketi ililipuka kwenye majaribio, mji mzima ukatikisika. Kama zile mbili za kwanza, ubavuni ilikuwa imeandikwa jina la binti wa mhandisi mkuu: Mwanakheri. Ndiyo desturi ya kiwanda kile, injini mpya hupewa jina la mtoto wa aliyeibuni.

Jioni, Mhandisi Shekue alimkuta binti yake amejiinamia mlangoni.

"Nikiingia darasani wenzangu wanaziba masikio, baba."

"Ya nne haitalipuka, mwanangu. Nakuapia."

"Basi hiyo ipe jina lako."

Kesho yake mafundi walimkabidhi brashi, wakasubiri. Shekue alisimama mbele ya injini ya nne mpaka rangi ikakaukia kwenye brashi.