Naibu Hakunyoosha Mkono

Picha ya mkurugenzi mpya wa jiji ilikuwa imebandikwa ukutani, sebuleni kwa naibu wake, pembeni kabisa ya picha ya harusi ya Naibu mwenyewe.

"Nani kaiweka hii?"

"Mimi," mkewe alijibu, akipiga pasi huku akiimba. Alikuwa hajaimba siku nyingi. "Gazeti zima, sura yenye nuru ilikuwa hiyo tu."

Naibu aliigeuzia picha mgongo. Kiti kile alikikaimu miaka mingi, akakipasha joto, akiamini ni chake. Kisha uamuzi ukashuka kutoka juu: apewe kijana aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Yeye akaambiwa aendelee kusaidia.

Alipokuwa akitoka, mkewe alimkimbilia mlangoni na kopo la chakula.

"Mpe mkurugenzi. Amekonda."

"Na mimi je?"

"Wewe umeshazoea."

Chakula kile Naibu alikila mwenyewe, ndani ya gari, wala hakuwa na njaa.

Ofisini nako ilikuwa wimbo ule ule. "Tangu mkurugenzi aje, hata lifti imepona," alitania dada wa mapokezi, na foleni nzima ikacheka. Naibu alipanda ngazi kwa miguu. Lifti hiyo aliipigia kelele yeye miaka nenda rudi, na hakuna aliyemsikia.

Siku ya kikao cha bajeti madiwani walijaa ukumbini. Mkurugenzi alisimama, akaomba fedha za kupamba barabara ya mbele ya ukumbi zihamishiwe kwenye mtaro wa Bondeni, mtaa ambao kila mvua kubwa maji huingia mpaka chini ya vitanda. Fungu lilikuwa dogo, alisema. Maua yanaweza kungoja, watu hawawezi. Alieleza vizuri. Vizuri mno, hata Naibu akahisi kitu kikimkwaruza kifuani.

Diwani mmoja mwenye sauti nzito akainuka.

"Mtaro sawa, bosi. Lakini hayo maji utayamwaga wapi? Kwenye mashamba ya watu?"

Minong'ono ikaenea. Mkurugenzi alipekua karatasi zake, akazipekua tena, kisha akageuka kumtazama Naibu.

Naibu alikuwa analo jibu. Jiji lilikuwa na kiwanja kando ya mto, kilichotengwa zamani kwa kazi hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyesimamia kuwekwa kwa mawe ya mipaka. Ilitosha anyooshe mkono.

Alifungua chupa ya maji, akanywa taratibu, macho yake dirishani.

"Nita... nitalifuatilia, mheshimiwa," mkurugenzi alisema.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" diwani akadakia. "Huyu wetu katuletea homa!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Zikapigwa kura, mtaro ukaanguka. Diwani wa Bondeni alikusanya vitu vyake, akatoka bila kumuaga mtu. Naibu alimtazama akienda, na bado, ndani kwa ndani, roho yake ilikuwa kwatu. Leo wangejua nani anaijua kazi hii.

Kikao kilipokwisha, mkurugenzi alimwita ofisini, akafunga mlango. Naibu alikuwa amejiandaa. Angesema amesahau. Angesema hakuulizwa. Akigombezwa, naye angemwaga yote ya moyoni.

Lakini mkurugenzi hakugomba, wala hakukikalia kile kiti. Alisimama katikati ya chumba, macho mekundu.

"Ulikuwa unajua."

Naibu alikitazama kile kiti kitupu.

"Baba," mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, "sasa nyumbani mama tutamwambia nini?"