Filamu ya Getini

Kati ya filamu zote za ajabu alizotazama Kindi na wazazi wake sebuleni likizo hiyo, hii ya kamera ya getini ndiyo pekee aliyoigiza mwenyewe: anaruka ukuta, kiatu kimoja mdomoni.

"Mwigizaji ana kipaji," alisema kwa heshima zote.

"Funga domo!" Baba alifoka, kisha akamgeukia mkewe. "Umeona? Damu ya kaka yako, yule mwizi wa cherehani yako niliyemfukuza juzi!"

Mama alikuwa akitazama picha zikiendelea. Geti lilifunguka taratibu, akatoka Baba, akinyata, amekumbatia cherehani ile ile kama mtoto mchanga.

Baba akairukia rimoti. Mama akawahi kuikalia.

"Keti, mume wangu," alisema. "Filamu haijaisha."