Dawati la Aliyeshika Mkia

Kila matokeo ya mtihani yalipotoka, Mwalimu Nzowa alipanga upya darasa lake: wa kwanza mbele, aliyeshika mkia nyuma kabisa, dirishani. Siku moja wakati wa mapumziko mguu wa kiti chake ulivunjika, akaenda kusahihishia madaftari kwenye dawati hilo la nyuma.

Alipoinua macho kutazama ubao, hakuona hata neno moja. Jua la dirishani lilikuwa limeupiga ukang'aa kama bati jipya. Akasogeza kichwa huku na huku. Hesabu alizoziandika asubuhi kwa mkono wake mwenyewe hazikuonekana.

Sikudhani, mwenye dawati, akaingia kuchukua kikombe chake cha uji.

"Sikudhani, ukikaa hapa unaona ubaoni?"

"Asubuhi naona, mwalimu. Jua likipanda sioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema mwaka jana." Msichana alitazama kikombe chake. "Ukasema anayetaka kukaa mbele afaulu kwanza."

Mwalimu alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba darasa zima lilicheka, na yeye akacheka nalo.

Akasimama, akaondoa madaftari, akashika dawati upande mmoja. "Shika huko. Tunalipeleka mbele."

Sikudhani akaweka kikombe chini, akashika. Walipofika katikati ya darasa akasimama, dawati likining'inia baina yao.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ndogo, "kila nikihamishwa huwa ni kwa kosa. Safari hii nimekosa nini?"