Ukuta wa Dakika Tatu

Wapiga mishale arobaini waliteketea kwa mpigo mmoja, na fundi saa akapiga meza ngumi hadi kikombe kikaruka.

"Ukungu kwanza!" alijikaripia. "Ukungu kwanza, ndipo moto! Imeandikwa hapa, mzee mzima husomi?"

Ilikuwa imeandikwa kweli. Daftari la binti yake lilikuwa wazi kando ya kompyuta, kurasa zimejaa mwandiko wa kuinamia kushoto: uchawi upi utangulie, askari wa mikuki wanaogopa nini, joka likichoka linapumzika muda gani. *Usimwage moto kabla ya ukungu, utachoma watu wako mwenyewe.* Nyumbani walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Homa ilimchukua kwa siku nne.

Aliacha nguo, viatu na ufalme. Ufalme wenyewe ulikuwa ndani ya mchezo wa vita, ule unaochezwa na maelfu ya watu, kila mtu akiwa kwake, kwenye kompyuta au simu. Sheria yake haikuwa na huruma: ngome kuu ikianguka, ufalme unafutwa na jina la mwenyewe linaondolewa kwenye orodha. Wiki moja baada ya mazishi, baba mtu aliketi kwenye kiti cha mwanawe, atazame tu. Akakuta maadui wameshafika langoni.

Huo sasa ulikuwa mwezi wa tano, na alikuwa bado hajabanduka kitini. Duka lilikuwa limefungwa. Wateja walipiga simu kuulizia saa zao, wakachoka. Yeye aliyeweza kufungua saa ndogo kama kifungo cha shati na kuirudisha bila kupoteza hata skrubu moja, alijifunza uchawi kama mtoto anayejifunza kusoma, kidole juu ya mstari, midomo ikichezacheza. Kila alipokosea alihisi amemwangusha binti yake upya.

Adui wake mkubwa aliitwa Mgeni. Hakuwa na picha, ila bendera nyeusi tu. Alijitokeza miezi miwili nyuma akiwa na askari ishirini wasiojua kushoto wala kulia, na fundi akawafagia kwa radi moja. Siku hiyo alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Lakini Mgeni alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila akipigwa aliondoka na somo. Hakuwa na papara. Alikata kona ya shamba leo, kesho akabomoa ghala, akaenda zake.

"Baba Chiriku, chakula kipo mezani," mkewe alisema mlangoni. Alikuwa mshonaji, uzi mwekundu ulikuwa umemning'inia begani.

"Nitakuja."

"Jana pia ulisema utakuja."

"Nikiinuka ataingia, mke wangu. Huyu mtu ana subira ya ajabu."

Mwanamke aliegemea mlango, akatazama kioo cha kompyuta. Mara nyingi aligeuza uso asikione. "Huo ukuta mweupe ndio nini?"

Moyo wa fundi uliruka kwa furaha. Hakuwa amewahi kuulizwa. "Ukuta wa barafu! Hakuna anayepita. Chiriku ndiye aliyeufikisha hapo, ulimchukua mwaka mzima. Tatizo ni kwamba unasimama dakika tatu tu, halafu mpaka zipite kumi ndipo uweze kuuinua tena."

"Dakika tatu," mkewe alirudia taratibu. Akabaki kidogo, kisha akaondoka. Fundi alisikiliza kama atasikia cherehani. Haikulia.

Kesho yake saa sita mchana bendera nyeusi ilijaa upeo wote.

Kwanza walikuja wapanda farasi wachache, wakija mbio moja kwa moja langoni. Fundi akainua ukuta wa barafu. Wapanda farasi wakasimama. Hawakushambulia wala hawakurudi nyuma. Walisimama tu, kama watu wanaongoja mlango wa ofisi ufunguliwe.

"Unangoja nini?" fundi alinong'ona. Jasho lilimtiririka.

Dakika tatu ziliisha na barafu ikayeyuka. Jeshi lote likaingia.

Alimwaga ukungu, kisha moto, kwa mpangilio uleule wa daftari, bila kukosea hata hatua moja. Aliita radi. Aliita joka, likapigwa likiwa bado angani. Nguvu za uchawi zilimwishia mikononi, na hapo hakuwa na la kufanya ila kutazama. Ghala likaenda. Kambi ya mikuki ikaenda. Ngome kuu ilitikisika mara mbili, ikakaa chini kama mzee aliyechoka.

Alifungua orodha. Jina la Chiriku lilikuwa la mia mbili na kumi. Alipotazama tena, la mia mbili na kumi lilikuwa la mtu mwingine.

Hakulia, hata hilo lilimshinda. Hatimaye aliinuka, magoti yakalia, akajikokota hadi sebuleni.

Mkewe alikuwa ameketi mezani. Macho yake yalikuwa mekundu. Mbele yake kulikuwa na sahani mbili zilizofunikwa.

"Wameuchukua," fundi alisema. "Mama Chiriku, wameufuta wote. Sikuweza."

Mwanamke aliilaza simu yake kando ya sahani. Ndani ya kioo chake, askari wa bendera nyeusi walikuwa bado wanashangilia.

"Keti ule," alisema. "Miezi mitano nakula na kiti kitupu. Nikaona nikupige mpaka utoke."