Kitamil cha Paati

Tangu zahanati zianze kuhamisha lugha kutoka kichwa hadi kichwa, aliyeitoa hakubakiwa na hata neno moja la lugha hiyo. Kokila, aliyekulia Tanga bila kujua Kitamil, alimbembeleza bibi yake, Paati, miezi mitatu ampe lugha hiyo ya mababu zao wa India.

"Nikikupa, mimi nitapiga soga na nani?" Paati aliuliza. "Na kunguru?"

"Ukifa nayo itateketea, Paati."

"Maneno gani hayo, we mtoto! Haya, chukua. Ila usije ukaisema kama redio."

Waliporudi kutoka zahanati, Paati aliketi mbele ya picha ya Murugan, mungu wake. Midomo ilicheza, sala haikutoka. Kokila hakustahimili kutazama, akachukua mkoba wake aondoke.

Mlangoni, Kitamil kilimjia chenyewe. Kwa Watamil, kuaga kwa kusema "naenda" ni mkosi, kama mtu asiyerudi tena. Husema "naenda na kurudi," na anayebaki hujibu, "nenda urudi." Kokila aliaga hivyo, kwa lafudhi ileile ya bibi yake.

Paati alimtazama kama mgeni wa jirani. "Sijakuelewa, mwanangu. Unaondoka?"

"Ndiyo, Paati."

"Haya, nenda."

Kokila akasimama kizingitini, akimngoja amalizie. Paati akafunga mlango.